Pareto ya Mafinga na pua ya mbu: ubongo unavyosoma harufu

Pareto inamfanya nini mbu? Majibu yapo mawili, na yote ni ya kweli. La kwanza: inamuua. La pili: inamfukuza kabla hajakufikia. Jibu la kwanza wanasayansi walishalieleza vizuri tangu miaka ya 1960. La pili lilikaa bila maelezo mpaka mwaka 2021, ingawa watu wamekuwa wakichoma ua hili kufukuza mbu kwa zaidi ya miaka 100.

Mbona tofauti kubwa hivyo? Sababu ni kwamba ili ueleze kwa nini mbu anakimbia harufu, lazima kwanza ujue harufu ni nini ndani ya mwili wa mbu. Inaingilia wapi? Inageukaje kuwa umeme wa neva? Nani ndani ya kile kichwa kidogo anaamua "hii nzuri, sogea" au "hii mbaya, geuka"? Maswali haya yalisubiri elimu ya pua ikue, na elimu ya pua ilichelewa kuliko ya macho na masikio. Kwa hiyo leo tunasimulia historia mbili zilizotembea kila moja njia yake na kukutana juzi tu: historia ya ua na historia ya pua.

Tunaanzia kwenye ua, maana hilo lipo kwetu.

Ua lilivyopanda milima

Ukifika Mafinga, mji wa Wilaya ya Mufindi ulio kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, cha kwanza utakachokiona ni mbao. Malori ya mbao, mashine za mbao, misindano ya Sao Hill hadi macho yachoke. Lakini Mafinga ina kiwanda kingine ambacho wasafiri wengi hawakijui: cha kuchakata pareto, cha Kampuni ya Pareto Tanzania. Maua yaliyokaushwa huletwa kutoka vijiji vya baridi vya Nyanda za Juu Kusini, yanasagwa, na dawa iliyomo inavutwa ikatoka kama dondoo zito. Sehemu kubwa ya dondoo hilo inauzwa nje ya nchi, ambako huchanganywa kwenye dawa za kupuliza na za kufukiza.

Pareto ni ua dogo, jeupe pembeni na njano katikati. Mtu asiyelijua atafikiri limepandwa kwa ajili ya urembo. Jina lake la kitaalamu ni *Tanacetum cinerariifolium*, na kwao kwa asili ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, sehemu ambayo leo kwa kiasi kikubwa ni Kroatia. Katika karne ya 19 unga wa maua hayo uliuzwa Ulaya kuua viroboto, chawa na kunguni.

Kutoka huko mbegu zilifika Japani. Mwaka 1886 mfanyabiashara Eiichiro Ueyama alipata mbegu za pareto, na mwaka 1890 akatengeneza udi wa pareto, kijiti unachokiwasha kikafuka taratibu. Tatizo la kijiti ni kwamba kinaisha haraka, na usiku ni mrefu. Mwaka 1895 mke wake, Yuki, akapendekeza udi huo ukunjwe kama nyoka aliyejiviringisha, uweze kuwaka usiku kucha. Ndio ule mviringo wa kijani unaouzwa leo kwenye kila duka la mtaani. Kumbuka hapa jambo moja: udi ule ulitengenezwa kufukuza kwa moshi na harufu. Tangu mwanzo, pua ya mbu ilikuwa kwenye biashara hii. Hakuna aliyeijua tu.

Afrika Mashariki ilipata pareto mwishoni mwa miaka ya 1920, kuanzia Kenya, na katika miaka ya 1930 ikaingia Tanganyika, kaskazini na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Ua hili lina masharti yake. Linataka mwinuko na linataka usiku wa baridi, kwa sababu bila baridi halitoi vichomozo vya maua vya kutosha. Ukilipanda Kilosa litakua majani tu. Ukilipanda Mufindi, Makete au Umalila litachanua. Baridi ile inayowafanya wageni wa Mafinga watafute sweta mwezi wa sita ndiyo inayolipa ua hili thamani.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyolipandisha cheo. Kabla ya vita Japani ilikuwa ikiongoza kwa kuuza pareto duniani. Japani ilipokuwa adui, majeshi ya Uingereza na Marekani yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za malaria yalibaki yakitegemea mashamba ya Afrika Mashariki. Mwaka 1941 watafiti wawili wa idara ya kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitengeneza kopo la chuma la kupuliza dawa ya wadudu, na ndani yake mlikuwa na dondoo la pareto pamoja na mafuta ya ufuta, maana ilikuwa imegunduliwa kwamba ufuta unaongeza makali ya pareto. Kila kopo la dawa ya mbu unalopuliza leo ni mjukuu wa kopo lile.

Baada ya vita ikaja DDT, rahisi na ya kudumu, na pareto ikasukumwa pembeni. Halafu DDT nayo ikaanza kulaumiwa kwa kukaa mno kwenye mazingira, na macho yakarudi kwenye ua. Bei ya pareto ikawa ya kupanda na kushuka namna hiyo miaka yote, na mkulima wa mlimani akapanda na kushuka nayo.

Kwa nini inaua

Kemia ya pareto ilifunguliwa Zürich, Uswisi. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walifanya kazi hiyo kuanzia miaka ya 1910 na wakachapisha matokeo mwaka 1924. Leo tunajua sumu ya pareto ni familia ya kemikali sita zinazofanana, ambazo kwa pamoja huitwa pirethrini. Kwenye ua kavu, pirethrini ni asilimia 1 hadi 2 hivi ya uzito, na karibu zote zimejificha kwenye vijibegu vidogo vya mafuta juu ya vitunda vilivyomo katikati ya ua. Zile petali nyeupe zinazopendeza hazina kitu cha maana.

Pirethrini zinafanyaje kazi? Neva, iwe ya mtu au ya mbu, hupeleka ujumbe kwa umeme, na umeme huo unatokana na chembe za sodiamu zenye chaji zinazoingia ndani ya seli kupitia milango maalumu. Mlango unafunguka, sodiamu inaingia, ishara inapita, mlango unafungwa. Yote hayo ni ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwanasayansi Toshio Narahashi, aliyeanzia utafiti wake Japani na baadaye kuhamia Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba dawa za jamii ya pareto zinauzuia mlango huo usifungwe sawasawa. Neva inaendelea kupiga kelele bila kukoma. Mdudu anatetemeka, anaanguka chali, anakufa.

Tatizo ni jua. Pirethrini zinaharibika haraka kwenye mwanga, jambo ambalo ni zuri kwa mazingira lakini baya kwa anayetaka dawa idumu. Kwa hiyo wanakemia wakaanza kuiga ua. Mwaka 1949 ilitangazwa alethrini, dawa ya kwanza ya kuiga pareto. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, ambayo jua haliiwezi kirahisi. Hizi za kuiga tunaziita pirethroidi. Chandarua chenye dawa ulichokilalia jana kina pirethroidi. Yaani, kwa namna fulani, umelala ndani ya kivuli cha ua la Mafinga.

Sasa, hadithi ingeishia hapo kama pareto ingekuwa inaua tu. Lakini udi wa Ueyama ulikuwa unafanya kitu kingine: mbu wengi hawakufa, walikataa tu kusogea. Kwa hilo, mlango wa sodiamu peke yake haukutosha kuwa maelezo. Tuhamie kwenye pua.

Pua ilivyochelewa kueleweka

Kiswahili kinajua kitu kuhusu harufu ambacho lugha nyingi hazikisemi wazi. Tuna *kunusa*, kazi ya pua. Halafu tuna *kunuka* na *kunukia*. Shina ni moja, lakini moja ni la karaha na jingine ni la raha. Hatusemi tu kwamba kitu kina harufu. Papo hapo tunatoa hukumu. Na ubongo ndivyo unavyofanya kazi: harufu inaingia na hukumu inafuata mara moja.

Lakini inaingiaje? Mwaka 1875 Camillo Golgi wa Italia alichora sehemu ya mbele ya ubongo inayopokea habari za pua, ile tunayoweza kuiita balbu ya kunusia. Baada yake Santiago Ramón y Cajal wa Hispania akazichora neva zake kwa makini zaidi. Picha zilionyesha kitu cha ajabu: nyuzi nyingi sana za neva kutoka puani zinakusanyika kwenye vifundo vidogo vya duara, vinavyoitwa glomeruli, kabla ya kwenda ndani zaidi. Vilionekana, lakini kazi yake haikujulikana.

Jibu lilisubiri mpaka mwaka 1991. Linda Buck na Richard Axel, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitafuta kwenye panya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu. Kipokezi ni protini iliyokaa kwenye ngozi ya seli, ikisubiri molekuli inayoiendana, kama kufuli linavyosubiri ufunguo. Walikuta familia kubwa kupita matarajio: panya ana jeni za aina hiyo zipatazo 1,000. Binadamu tunazo zinazofanya kazi takriban 400. Kwa macho, rangi zote unazoziona zinatokana na aina tatu tu za vipokezi. Linganisha mwenyewe. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Miaka iliyofuata ikaunganisha picha ya Golgi na jeni za Buck na Axel. Kila neva ya puani kwa mnyama kama panya inachagua kipokezi kimoja tu kati ya vyote. Neva zote zilizochagua kipokezi kilekile, hata kama zimetawanyika pua nzima, zinapeleka nyuzi zao kwenye kifundo kilekile kwenye ubongo. Kwa hiyo vile vifundo ni kama masanduku ya barua posta: kila sanduku na namba yake. Harufu moja haifungui sanduku moja, inafungua kadhaa kwa viwango tofauti. Ubongo unasoma mchanganyiko. Mwaka 1999 Bettina Malnic, Buck na wenzao walionyesha hivyo: kipokezi kimoja hutambua molekuli kadhaa, na molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa. Kwa kutumia herufi 24 tunaandika maneno yote ya Kiswahili. Kwa vipokezi 400 unaweza kuandika harufu nyingi mno.

Kutoka kwenye balbu, ishara haipiti kwanza kwenye kituo cha kati cha ubongo, thalamasi, kama zinavyofanya ishara za macho na masikio. Inakwenda moja kwa moja kwenye gamba la kunusia na kwenye amigdala, jirani kabisa na maeneo ya hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya mkaa uliolowa mvua inaweza kukurudisha jikoni kwa bibi kabla hujajua unachonusa ni nini.

Mdudu ana pua gani?

Mdudu hana pua. Ana papasi, zile "nywele" mbili za mbele, zilizojaa vinyweleo vyenye matundu madogo, na ndani ya vinyweleo kuna neva. Mwaka 1957 Dietrich Schneider wa Ujerumani aliweka waya kwenye papasi za nondo wa hariri na kupima umeme unaotokea harufu inapozigusa. Mwaka 1959 Adolf Butenandt na wenzake walitangaza kemikali ambayo nondo jike wa hariri huita nayo dume. Ilibidi watumie nondo wapatao 500,000 ili kuipata kwa kiasi cha kupimika. Hapo ikathibitika kwamba kwa mdudu harufu inaweza kuwa amri.

Jeni za vipokezi vya harufu vya wadudu zilipatikana mwaka 1999, kwa nzi wadogo wa matunda, na miaka michache baadaye kwa *Anopheles gambiae*, mbu wetu wa malaria, ambaye ana jeni za namna hii zipatazo 79. Wengi walitarajia zifanane na zetu. Hazikufanana. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba kipokezi cha mdudu chenyewe ni mlango wa umeme. Kwetu, kipokezi kinapopata molekuli kinaanzisha mlolongo wa ujumbe wa kemikali ndani ya seli, na mlango unafunguka mwishoni. Kwa mbu, molekuli inagusa na mlango unafunguka hapohapo. Kila kipokezi chake kinafanya kazi na mwenza mmoja wa wote, protini inayoitwa Orco. Ukiiondoa Orco, sehemu kubwa ya pua ya mbu inazimika.

Vituo vya baadaye, hata hivyo, vinafanana na vyetu kwa kushangaza. Nyuzi kutoka kwenye papasi zinaingia kwenye vifundo, glomeruli zilezile, ndani ya ubongo wenye seli za neva kama laki mbili na ushei. Sisi tunazo bilioni 86 hivi. Kwa laki mbili hizo mbu anaruka, anatafuta maji, anachagua nani amnyonye. Mwaka 2022 kundi la Carolyn McBride wa Chuo Kikuu cha Princeton lilionyesha kwamba kwenye ubongo wa *Aedes aegypti* kuna kifundo kinachoitikia sana harufu ya binadamu kuliko ya wanyama wengine, kwa kuwa kinazitambua kemikali mbili zinazotokana na mafuta ya ngozi yetu. Harufu ya mtu, kwa mbu, ina sanduku lake la barua.

Huku kwetu Tanzania, Taasisi ya Afya Ifakara haikusubiri ubongo wa mbu ufunguliwe ili itumie pua yake. Mwaka 2010 Fredros Okumu na wenzake walichapisha utafiti wa chambo cha harufu: mchanganyiko wa hewa ukaa, amonia na asidi za aina zinazopatikana kwenye jasho na ngozi. Chambo kilipowekwa kwenye kibanda chake peke yake na mtu kwenye kibanda kingine, chambo kilivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Lakini vilipowekwa pamoja kibanda kimoja, mtu alikuwa sawa na chambo au kukizidi. Yaani kwa mbali mbu alidanganyika. Kwa karibu akagundua kuna kitu kinakosekana. Matokeo haya yanakuonyesha mbu anavyotumia pua kwa hatua, ya mbali na ya karibu, na kila hatua ina ishara zake.

Historia mbili zinakutana

Sasa tunaweza kurudi kwenye swali letu. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Ke Dong, wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilichapisha kwenye jarida la *Nature Communications* maelezo ya kwa nini pareto inafukuza. Kundi hilo lilikuwa na watafiti wa nchi mbalimbali, akiwemo Elizabeth Bandason wa Malawi. Walimtumia *Aedes aegypti*, yule mbu wa mchana anayeeneza dengue.

Walichofanya ni kuingiza sindano nyembamba mno za umeme kwenye vinyweleo vya papasi, kimoja kimoja, na kupuliza dondoo la pareto. Neva fulani ziliitika. Kisha wakaligawa dondoo kwenye vitu vilivyomo na kuuliza kila kimoja: ni wewe? Wakakuta majibu mawili.

La kwanza ni pirethrini zenyewe. Zile zile zinazoua, zikiwa kidogo hewani, zinaamsha neva za kunusia za mbu, na njia yake ni ileile ya milango ya sodiamu. La pili ndilo lililoshangaza. Ndani ya dondoo kuna kemikali nyingine, kidogo tu, inayoitwa beta-farnesini, kwa kifupi EBF. Hiyo haigusi milango ya sodiamu. Inafungua kipokezi kimoja maalumu cha harufu, chenye jina la Or31. Watafiti walipotengeneza mbu wasio na Or31, mbu hao hawakuijali EBF, na pareto yenyewe ikapungua nguvu ya kuwafukuza.

Sasa unganisha hayo mawili. EBF peke yake inafukuza kwa kiasi. Pirethrini kidogo zikiongezwa, nguvu inazidi jumla ya vyote viwili. Maelezo ni haya: EBF inagonga mlango wa harufu na kuanzisha ishara kwenye neva, pirethrini, kwa kuchelewesha milango ya sodiamu kufungwa, zinaikuza ishara hiyo. Kwa lugha ya mtaani, EBF ndiye msemaji na pirethrini ndiyo spika. Ubongo wa mbu unapokea kutoka kwenye sanduku la Or31 ujumbe wa "ondoka" uliopandishwa sauti. Ua limebeba dawa mbili zinazosaidiana, na udi wa mwaka 1890 ulikuwa ukizitumia zote bila mtu kujua kwamba zipo mbili.

Kwa nini ua litengeneze EBF? Mkulima yeyote wa mboga anawajua vidukari, wale wadudu wadogo wanaokusanyika chini ya majani na kufyonza. Kidukari akishambuliwa hutoa kemikali ya kuwatahadharisha wenzake, nao wanatawanyika. Kemikali hiyo, ilivyojulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni hiyohiyo EBF. Pareto inapiga king'ora cha vidukari wakati hakuna aliyewashambulia.

Kwa nini haya yatuhusu

Mtu anaweza kusema: sawa, hadithi nzuri, lakini mbu wanaendelea kuuma. Ndiyo. Na hapo ndipo kazi ilipo.

Jambo la kwanza ni usugu. Kwa kuwa vyandarua vyote vya mwanzo vyenye dawa vilitegemea pirethroidi, mbu waliokuwa na milango ya sodiamu yenye hitilafu ndogo, isiyoshikwa na dawa, ndio waliobaki na kuzaa. Hitilafu hiyo inaitwa kdr. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilithibitishwa kwa *Anopheles* wa Afrika Magharibi, na mwaka 2000 ikaripotiwa Kenya, kwa sura nyingine kidogo. Leo usugu wa pirethroidi umeenea Tanzania pia. Utafiti wa 2021 ulipowapima mbu wenye kdr, pareto iliwafukuza kwa nguvu ndogo zaidi. Ina mantiki: spika imeharibika. Lakini msemaji bado yupo, maana Or31 haina uhusiano na kdr. Kwa hiyo anayetengeneza dawa mpya ya kufukuza ana mahali pa kuanzia ambapo usugu wa zamani haujafika.

Tahadhari: mbu ana pua zaidi ya moja ndani ya pua. Mwaka 2013 Leslie Vosshall na wenzake, New York, walionyesha kwamba *Aedes* wasio na Orco kabisa bado walivutwa na binadamu palipokuwa na hewa ukaa, ingawa waliacha kumpendelea mtu kuliko wanyama wengine. Mwaka 2022 maabara hiyohiyo na wenzao wakaonyesha kwamba, tofauti na kanuni ya panya ya neva moja kipokezi kimoja, neva nyingi za mbu zina vipokezi vya familia tofauti kwa pamoja. Ukiziba njia moja, nyingine inasema. Ndiyo maana dawa inayogusa mahali pawili, kama pareto, ina faida.

Jambo la pili ni la haki. Mbu aliyefukuzwa anakwenda wapi? Marta Maia na wenzake wa Ifakara waliuliza swali hilo vijijini Tanzania na kuchapisha mwaka 2013. Walikuta kwamba wasiotumia dawa ya kupaka, wakiwa katikati ya majirani wanaotumia, walipata mbu zaidi. Kumfukuza mbu kwa jirani yako asiye na hela ya dawa si kinga ya kijiji. Ndiyo maana wenzao wa taasisi hiyo wamejaribu njia nyingine, kama magunia na mapambo ya katani yaliyotiwa transfluthrini, pirethroidi inayojisambaza hewani yenyewe bila moto, ili kinga iwe ya eneo zima wanapokaa watu jioni, badala ya ngozi ya mmoja mmoja.

Jambo la tatu ni la mkulima. Kiwandani ubora wa ua hutazamwa kwa kiwango cha pirethrini, na ni sawa, maana hicho ndicho soko linachonunua. Ndiyo sababu wanasisitiza uvunaji wa ua lililofunguka vizuri, ukaushaji wa haraka na kutorundika maua mabichi. Lakini utafiti wa 2021 unasema thamani ya ua hili haimo kwenye pirethrini peke yake. Kuna kemikali ndogo ya pembeni ambayo kwa miaka mingi ilionekana haina maana, na kumbe ndiyo yenye ufunguo wa pua. Aina za pareto zinazolimwa Mufindi, Makete na Mbeya zina EBF kiasi gani, inabadilikaje kwa mwinuko na baridi, inabaki kiasi gani baada ya kukaushwa kwenye turubai: haya ni maswali ambayo mwanafunzi wa kemia au kilimo anaweza kuyafanyia shahada bila kusafiri mbali. Malighafi iko mlimani na kiwanda kiko mjini.

Ua hili lilifika Tanganyika kama zao la kuuza nje, na mpaka leo elimu yake nyingi imeandikwa mbali na mahali linapochanua. Kwa upande wa mbu hali ni tofauti: Ifakara imeshaonyesha kwamba maswali ya pua ya mbu yanaweza kuulizwa na kujibiwa hapahapa, kwa vibanda vya majaribio na vijana wa vijiji vya Kilombero. Kutoka Mafinga hadi Ifakara ni mlima na bonde tu. Juu wanalima harufu. Chini wanasoma wanaoinusa.